Taitsi kwanza, tutu baadaye

Ukisema mtoto wa Mathare anahitaji nguo za densi, wengi watakucheka: karo haijalipwa, wewe unaleta stori za taitsi? Ngoja kidogo. Shirika la Anno's Africa limefunza watoto wa Mathare na Kibera baleti kwa miaka, na kwenye baleti nguo si urembo. Mwalimu lazima aone goti limeelekea wapi. Mtoto akivaa jinzi ya kakake, goti litajipinda ndani na hakuna atakayejua hadi aanze kuchechemea. Soksi kwenye saruji nazo ni kuteleza tu. Heri miguu mitupu, bora sakafu ifagiliwe.

Lakini kumrudisha mtoto nyumbani eti hana taitsi? Hapo nakataa kabisa. Gikomba si mbali, na taitsi na fulana za kubana zimejaa kwa mitumba. Anayeendesha darasa ndiye azinunue, ziwekwe kwa gunia hapo hapo ukumbini, watoto wavae, wavue, zifuliwe. Mama anayefulia watu nguo Eastleigh asiitishwe pesa ya sare ya pili. Na ile sketi ya wavu inayosimama wima? Hiyo ingoje siku ya shoo.