Vali gani? Tuulize kabla ya kuchanga

Wewe uliye mjini wajua jinsi habari hizi hufika. Simu yapigwa kutoka nyumbani Malava: binti wa ndugu yako, mwenye umri wa miaka 20, ni mgonjwa wa moyo na sharti apasuliwe. Kamati ya harambee yaundwa na fedha zaanza kuhesabiwa. Lakini ni nadra kusikia mtu akiuliza: atawekewa vali gani?

Vali ni vilango vinavyozuia damu kurudi nyuma moyoni. Vijana wengi wa Kenya huharibikiwa navyo kwa sababu ya homa ya baridi yabisi, ambayo hufuata maumivu ya koo ya utotoni yasiyotibiwa.

Vali za kubadilishia ni za aina mbili. Ya kwanza hutengenezwa kwa kaboni na chuma. Hudumu miaka mingi, lakini mwenye nayo hana budi kumeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kila siku maishani mwake, na kupimwa damu mara kwa mara. Dawa ikizidi, atavuja damu. Ikipungua, damu itaganda kwenye vali. Tena dawa hiyo yaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Ya pili hutokana na mnyama: vali ya nguruwe, au utando unaofunika moyo wa ng'ombe. Mwaka 1965 madaktari wa Paris, akiwemo Alain Carpentier, walimwekea mgonjwa vali ya nguruwe. Vali za mwanzo ziliharibika upesi, hadi Carpentier alipoanza kuzihifadhi kwa kemikali iitwayo glutaraldehaidi. Baada ya miezi ya kwanza, wengi wenye vali hizi hawahitaji warfarini.

Kwa maoni yangu, binti anayetaka kuzaa na anayeishi mbali na maabara anastahili kuelezwa habari za vali hii ya pili. Lakini aelezwe zote. Vali ya mnyama huchakaa, na kwa kijana huchakaa mapema zaidi; huenda akahitaji kupasuliwa tena baada ya miaka 10 hivi, au hata kabla. Harambee ya pili ataifanya nani? Na ikiwa dini yake inakataza nguruwe, aulizwe kabla, si baada.

Basi, iwe anapelekwa Kenyatta au Mater jijini Nairobi, au Tenwek kule Bomet, kamati imtume mtu akaulize: vali gani, kwa nini, na baadaye itakuwaje? Kuuliza si kumkosea daktari heshima.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mtoto akilalamika koo, mpelekeni hospitalini akapimwe. Penisilini ni rahisi kuliko vali yoyote, iwe ya chuma au ya ng'ombe.