Usikaze Boliti Gari Likiwa Hewani



Juma hili twaingia chini ya Land Rover ya zamani, yaani zile za Series, zilizoonyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948 na kukoma kutengenezwa mwaka 1985. Askari wengi walizipanda wakiwa kazini, na ziko familia ambazo hadi leo zinazitumia kubebea mazao na watoto. Gari hilo likianza kugonga nyuma kila lipitapo shimo, au likainama upande mmoja, au likayumba dereva akanyagapo breki, aghalabu ugonjwa umo katika springi za nyuma na bushi zake.

Yafaa kwanza kufahamu jinsi springi hizo zinavyokaa. Kila upande una springi moja ya mabapa ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine. Ncha yake ya mbele imefungwa kwa boliti katika chesisi isiweze kusogea. Ncha ya nyuma huning'inia katika vibati viwili, viitwavyo shakoli, ili springi ipate nafasi ya kurefuka inapolemewa na mzigo. Kila boliti hupita katika bushi, nayo ni mpira uliobanwa baina ya vibomba viwili vya chuma. Watu wengi hudhani kwamba kibomba cha ndani huzunguka juu ya boliti. Sivyo. Hicho hubanwa kisizunguke kabisa, na mpira wenyewe ndio unaojipinda kidogo kila springi ipandapo na ishukapo.

Basi tazameni lifanyikalo katika gereji nyingi. Fundi huweka bushi mpya, hukaza boliti zote gari lingali juu, magurudumu yakining'inia, kisha hulishusha. Springi hunyooka kwa uzito wa gari, na mpira huanza maisha yake ukiwa umekwisha kupindwa. Kila shimo laupinda zaidi, hata unachanika kabla ya siku zake, na mwenye gari hulilaumu duka lililomwuzia. Njia iliyo sahihi haina gharama hata kidogo: kaza kwa kiasi cha kushika tu, rudisha magurudumu, shusha gari chini, litikise kwa nyuma mara kadhaa springi zikae mahali pake, ndipo ukaze kabisa; boliti kwanza, nati baadaye.

Lakini kabla ya kufika huko kuna hatari ambayo si kila mtu anaijua. Breki ya mkono ya Land Rover hizi haishiki magurudumu. Hushika shafti itokayo kwenye giaboksi kwenda kwenye difu la nyuma. Ukiinua gurudumu moja tu la nyuma, difu hulipa ruhusa ya kuzunguka, na gari laweza kutembea ingawa breki imevutwa hadi mwisho, nawe umelala chini yake. Kwa hiyo chagua mahali tambarare, weka magogo mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, na chesisi ikae juu ya stendi madhubuti, wala si juu ya jeki. Watoto wakae mbali. Jeki nayo ibaki chini ya ekseli, upate kuipandisha na kuishusha unapotafuta matundu, na ekseli isije ikaning'inia kwa mpira wa breki.

Katika kufungua, nati hutolewa kwanza, kisha boliti huzungushwa kwa spana. Isipigwe nyundo, kwa maana kibati kimoja cha shakoli kimechongwa hesi, na boliti imeshika humo. Mara nyingi kutu itakuwa imeunganisha boliti na kibomba cha bushi. Ikikataa, ikate kwa msumeno wa chuma baina ya kibati na springi. Boliti mpya ni rahisi kuliko chesisi. Wako wachomao mpira wa bushi kwa moto. Mimi sikubaliani nao hata kidogo, kwani tangi la petroli na mabomba ya breki hayako mbali. Bushi ya chesisi itobolewe mpira wake kwa drili, kisha kibomba cha nje kikatwe polepole, ukikoma pale chuma cha chesisi kinapoanza. Ukikuta kutu imekula chesisi mahali hapo, kazi ya springi isubiri, aitwe kwanza fundi wa kuchomelea.

Springi zinunuliwe mbili kwa pamoja, kwa kuzisoma namba zake, kwa sababu ya upande wa dereva na ya upande wa abiria aghalabu hazilingani. Siku hizi madukani kuna bushi za plastiki ngumu. Zadumu, lakini kwa barabara zetu za makorongo naona mpira wampumzisha abiria zaidi. Yubolti ziwe mpya, na boliti ya kati iketi barabara katika tundu lake kabla hujazikaza. Yubolti zikilegea, boliti hiyo ndogo ndiyo hubeba nguvu zote, nayo ikikatika ekseli nzima husogea na gari huenda kombo.

Baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, zikague tena nati za yubolti kwa spana. Mara nyingi zitakubali kukazwa kidogo zaidi.