Anayeshika Mkia Apewe Nini?

Februari 5, 2025, kwenye kibanda umiza kimoja hapa Tunduma, hatua chache kutoka foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, tulikuwa wachache tulioishangilia KenGold. Yanga walitupiga 6-1. Bao letu la pekee Selemani Bwenzi alilifumua kutoka katikati ya uwanja, mpira ukapita juu ya kipa, na hata waliovaa kijani na njano wakasimama kupiga makofi. Bao lile nimelibeba msimu mzima.

KenGold ni ya Chunya, ikichezea Sokoine, Mbeya. Mkoa wetu wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, hauna timu Ligi Kuu, hivyo sisi hupanda basi kama kilomita mia moja kwenda kushangilia ya jirani. Ilipanda ikiwa bingwa wa Championship 2023/24, ikashuka baada ya msimu mmoja, ya mwisho kabisa.

Kwenye NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, anayeshika mkia hashuki. Husogezwa mbele kwenye foleni ya kuchagua vijana wapya. Utaratibu huo wanauita drafti, jina lile lile la mchezo wetu wa vizibo. Mtanzania Hasheem Thabeet aliupitia mwaka 2009. Memphis Grizzlies walikuwa wameshinda michezo 24 tu kati ya 82, wakamchukua akiwa chaguo la pili. Shabiki wa Memphis, baada ya maumivu yote yale, alikuwa na jina la kijana la kulitaja. Mimi nilibaki na nini?

Hata hivyo sitaki drafti hapa. Haina dhamana: James Harden alichaguliwa wa tatu mwaka ule ule, Stephen Curry wa saba, wote nyuma ya Thabeet. Tena NBA ililazimika kuweka bahati nasibu mwaka 1985, kwa sababu timu zilishukiwa kupoteza makusudi ili zichague mapema. Kwetu kijana akipangiwa klabu asiyoitaka, Zambia anafika kwa miguu.

Ninachowaonea wivu ni ile foleni. Hapa mwenye fedha huchagua kwanza, kila dirisha. Mkataba wa Azam Media wa mwaka 2021, shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10, umezisaidia sana klabu za Ligi Kuu, lakini anayeshuka anaondoka kwenye meza hiyo wakati ana njaa zaidi. Katika dirisha dogo KenGold iliwaleta Bernard Morrison, Obrey Chirwa na Kelvin Yondani, wakongwe tuliowajua miaka mingi. Siwalaumu viongozi, mfa maji haachi kutapatapa. Ila usajili wa namna hiyo, timu ikishuka, hauachi kitu nyuma.

Kinachoacha kitu ni kijana aliyelelewa hapa. Marekani wana vyuo, sisi tuna UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. FIFA hutenga asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa kwa klabu zilizomlea mchezaji kati ya miaka 12 na 23. Natamani TFF isimamie fungu kama hilo kwa nguvu katika kila uhamisho wa ndani, klabu kubwa ikimnunua mtoto wa Songwe, aliyemfunza Songwe alipwe. Hapo hata timu iliyoshuka ingekuwa na cha kusubiri.

Lakini malipo hayo hutaka kumbukumbu. Juzi pale Mpemba nilimtazama winga wa kidato cha tatu akiwatoka mabeki wawili kwa guu la kushoto, viatu vya kuazima. Nikamuuliza mwalimu wake wa michezo kama kijana amesajiliwa na klabu yoyote. Akafungua daftari la mahudhurio ya darasa, akaniwekea kidole kwenye jina lake. Hakuna pengine lilipoandikwa.