KITI CHA BABU NI BEI NGAPI?



Mara kwa mara mchuuzi anapita vijijini akiuliza: "Hamuna vitu vya zamani?" Anataka kiti cha mti, mkuki, ushanga wa bibi. Mwenzetu mmoja aliona kiti cha babu yake kikienda hivyo, na feza zilizopatikana hazikutosha hata minervali yake. Hatumlaumu mzazi. Mtoto akifukuzwa shule, mzazi atauzisha hata kuku wa mwisho. Lakini nani alipima bei? Mchuuzi peke yake! Yeye alijua, sisi hatukujua, basi tukaitika tu.

Wenye ujuzi wa vitu hivi hawatazami uzuri tu. Wanauliza: Kilichongwa na nani? Nani alikikalia? Kilitokaje nyumbani? Wanatazama na mahali palipolainishwa na mikono ya watu miaka mingi. Kwa hiyo anayekisugua kwa mchanga na kukipaka rangi ili king'ae, kumbe anafuta ushuhuda wake, na bei inashuka.

Tuchukue mfano wa ziwa letu hili la Tanganyika. Mwaka 1884, watu wa Mbelgiji Storms, aliyekaa Mpala, walimwua chifu Lusinga wa Watabwa wakachukua sanamu yake ya ukoo. Leo iko katika nyumba ya makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, na jina la Lusinga linajulikana nayo. Kwa nini? Kwa sababu Storms aliandika. Aliyenyang'anya aliandika, sisi wenye mali hatuandiki!

Wengine watasema: "Ni vitu vya ushenzi, viende." Hapana. Kiti alichokalia babu akiamua magomvi si mungu wa kuabudiwa. Tena vitu vingine ni vya ukoo mzima, mtu mmoja hana ruhusa kuviuzisha gizani. Na serikali yetu iliweka sheria ya kulinda vitu vya namna hii tangu mwaka 1971.

Basi likizo hii kila mmoja wetu achukue daftari, akae karibu na babu ao bibi. Aandike jina la kitu kwa Kifuliiru, nani alikitengeneza, nani alikirizi, kilifanya kazi gani. Mwenye simu apige picha. Na siku shida ikitulazimisha kuuzisha, tusiuzishe siku ileile mchuuzi anapofika. Wazee wakae kwanza, tena tuulize watu wawili watatu wenye kujua. Kinshasa kuna makumbusho ya taifa yaliyofunguliwa mwaka 2019. Ni mbali, lakini picha inasafiri.

Hata kiti kikienda, habari yake ibaki nyumbani. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari tunazo, kalamu tunazo. Wazee nao wako, lakini si kwa siku nyingi.