Mashine ya kukopi CD haina kosa, kosa ni letu tunaoisifia



Juzi nimepanda mwendokasi pale Magomeni Mapipa naelekea Kariakoo, pembeni yangu vijana wawili wanabishana kuhusu spika ya Bluetooth. Mmoja anasema mzigo ni wa uhakika, maana kuna jamaa kaichambua YouTube na kuipa kumi kwa kumi. Mwenzake akamuuliza swali moja tu: "Kainunua au kapewa?" Mwenzenu nikageukia dirishani. Swali hilo nilistahili kuulizwa mimi, miaka zaidi ya 15 iliyopita.

Enzi hizo ubishi ulikuwa wa CD. Kariakoo ziliingia mashine za kukopi, ndefu kama kabati dogo la droo. Tundu la juu unaweka CD mama, ya chini unajaza CD tupu, unabonyeza, unasubiri. Vijiweni watu wakagawanyika. Wengine wakasema kopi haiwezi kulingana na orijino, eti besi inapungua. Wengine wakasema inategemea mashine, ile ya bei mbaya inatoa sauti "nzito".

Tuwekane sawa. CD haihifadhi besi wala trebo, inahifadhi namba. Kila sekunde moja ya muziki ina vipimo 44,100 kwa kila upande, kushoto na kulia. Mashine ikinakili namba zilezile, deki inapata muziki uleule. Ikikosea kidogo, CD ina mpango wa kujisahihisha, ndiyo maana mkwaruzo mdogo huusikii. Makosa yakizidi, utasikia "tik tik", wimbo utaruka au CD itagoma kabisa. Besi kupungua peke yake huku kila kitu kingine kiko safi? Hapana.

Sasa mbona kopi nyingi za mtaani zilisikika vibaya kweli? Kwa sababu nyingi hazikutoka kwenye orijino. Mtu ana MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, anaigeuza kuwa CD ya kawaida inayotaka kilobiti 1,411. Yaani sehemu kubwa ya muziki ilishatupwa kabla mashine haijawashwa, na hakuna mashine inayoweza kuirudisha.

Na ukikuta CD tupu imeandikwa ni "maalumu kwa muziki", usidhani ina sauti safi zaidi. Marekani walipitisha sheria mwaka 1992, wakaweka tozo ya asilimia 2 kwenye vifaa vya kurekodi kidijitali na asilimia 3 kwenye kaseti na CD tupu za aina hiyo, ili wenye kazi zao wapate chochote. Kwa hiyo ile bei ya juu inabeba haki ya msanii, siyo ubora wa sauti. Hata kwetu, sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, iliyoleta COSOTA, inambana anayekopi kazi ya mtu bila ruhusa. Ukiwa na mashine ghali au ya bei chee, kosa ni lilelile.

Tofauti ya kweli kati ya mashine na mashine ipo, ila iko kwenye uhakika: kopi ngapi zinaharibika, zinasomeka kwenye deki ngapi, ukichoma kwa kasi kubwa kwenye CD tupu za ovyo inakuwaje. CD ya kuchoma huakisi mwanga pungufu kuliko ya kiwandani, hivyo deki la zamani linaweza kuikataa. Hayo ndiyo mwandishi alitakiwa kuyapima.

Mimi sikupima!

Kuna duka, jina naliacha, walinipa mashine nikae nayo nyumbani "kwa majaribio". Nilisikiliza wimbo mmoja dukani, mwenye duka kasimama pembeni yangu, nikaandika kwamba kopi zake zina sauti nzito kuliko orijino. Hakuna aliyenilazimisha. Mashine haikurudi dukani, na sikuwaambia wasomaji. Kijana mmoja wa Magomeni aliyekuwa anarekodi harusi na kaswida akasoma, akachukua pesa yake ya upatu, akanunua ileile. Baada ya muda wateja wakaanza kumrudishia CD, zimekwama kwenye deki zao. Alikuja kuniuliza, "Kaka, na ya kwako inafanya hivi?" Nikamjibu sijui, kwa sababu kweli sikuwa najua. Nilikuwa sijaitumia hata wiki.

Waandishi wa habari wana maadili yanayokataza rushwa, Baraza la Habari Tanzania linayasimamia, na kila mtu anaijua bahasha. Lakini kifaa cha "majaribio" kisichorudi hatukiiti bahasha. Tunakiita ushirikiano!

Simaanishi kuazima ni dhambi. Wachambuzi wengi wa Bongo hawawezi kununua kila simu na kila sabufa, na hata majarida makubwa ya Ulaya huazima mitambo kwa watengenezaji. Wapo wanaonunua wenyewe, kama Consumer Reports la Marekani, ambalo halichukui matangazo ya biashara, ila wana mfuko. Ubaya ni kuficha. Mwaka 2009 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliandika wazi kwamba hata mwenye blogu aliyepewa kitu cha bure aseme.

Basi kabla hujatoa hela yako Kariakoo kwa sababu fulani kasifia, tafuta majibu matatu kwenye uchambuzi wake. Nani alilipia kifaa? Sasa hivi kiko wapi? Alikipima vipi, na kwa muda gani? Asipoyasema, chukulia kuwa umetazama tangazo.

Na mimi naanza: makala hii sijalipwa na mtu. Ile mashine niliipeleka kwa yule kijana ikawa ya vipuri. Haikumrudishia pesa yake ya upatu.

Naomba kutoa hoja. Wadau, nani mwingine alishaingizwa mjini kwa sifa za kulipiwa? Funguka hapo chini.