Kwani Nakaa Tu?

Hodi ya kwanza mlangoni pangu, Mukuru, hupigwa saa kumi na moja alfajiri. Kufikia saa moja nina watoto sita: uji, nepi, huyu ana homa, yule anaota meno. Jioni mama mmoja anamchukua wake na kusema, "Dada, si wewe unakaa tu nyumbani? Nitakulipa Ijumaa." Bodaboda aliyemleta kalipwa hapo hapo.

Dada yangu, najua kibarua cha kiwandani hakilipi vizuri. Lakini bila mimi hufiki huko. Tangu 2017 Kaunti ya Nairobi ina sheria ya vituo vya kulelea watoto, na leseni tunadaiwa kama biashara yoyote. Basi nilipeni kama biashara yoyote. Unga wangu unaisha Jumatano.