Unaandika watoto wakilala? Uliza malipo kwanza

Msomaji wetu wa Morogoro, mama wa watoto wawili aliyewahi kufundisha shule ya msingi, ametuandikia kwamba kwa miezi minane amekuwa akiandikia tovuti moja makala za malezi. Anaanza saa 4 usiku watoto wakishalala. Amefikisha makala 11 na hajaona hata shilingi moja. Kila akiuliza, anaambiwa avumilie kwa sababu jina lake linakua. Mume wake, ambaye mwanzoni ndiye aliyemtia moyo, sasa anamwambia anachoma umeme bure. Swali lake ni hili: "Kuna mahali wanalipa kweli, au nijue tu kwamba najifurahisha?"

Dada yangu, wapo wanaolipa. Si wengi, na karibu wote hawatangazi kwamba wanalipa. Lakini hebu nianze na hizo makala 11. Ya 12 usiiandike. Chagua mbili zilizo bora, hifadhi viungo vyake, maana hizo ndizo sampuli zako za kuonyesha kwa mhariri mwingine. Kisha waandikie wenye tovuti ujumbe wa heshima kwamba ungependa kuendelea nao, na kwamba kuanzia sasa mkubaliane malipo kabla hujaandika. Wakikubali, vizuri. Wakikaa kimya, umepata jibu. Mkono mtupu haulambwi, na "jina linakua" si malipo, hasa kwa mtu anayenunua maziwa ya mtoto.

Sasa pesa iko wapi? Majarida ya Kiswahili yamepungua sana kwenye meza za wauza magazeti, hivyo anayesubiri jarida la familia limtafute atasubiri sana. Magazeti yenye kurasa za makala, yaani afya, familia, elimu na uchumi, hununua kazi za waandishi wa kujitegemea, ingawa bajeti zake ni ndogo na mengine hayalipi kabisa. Njia pekee ya kujua ni kuuliza.

Mahali ambapo wazazi wengi hawapafikirii ni mashirika yasiyo ya kiserikali. Hawa kila mwaka wanahitaji mtu wa kuandika simulizi za watu waliofikiwa na miradi yao, jarida la ndani, kipeperushi cha lishe, au kutafsiri ripoti kutoka Kiingereza. Mwalimu anayeandika Kiswahili safi kisicho na makosa ana bidhaa hapo. Wachapishaji wa vitabu vya watoto nao wanahitaji miswada, na mtu aliyesimama mbele ya darasa la pili anajua sentensi gani mtoto wa miaka minane anaielewa na ipi inamshinda. Kwa vitabu lakini jiandae kusubiri muda mrefu kabla hujaona pesa.

Zipo pia tuzo. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitolewa kwa mara ya kwanza Aprili 13, 2023, siku ya kuzaliwa kwa Mwalimu, na mshindi wa kwanza alipata Sh10 milioni. Hadithi za watoto zimewahi kuwa miongoni mwa nyanja zake. Shiriki kama una mswada, ila usipange ada ya shule kwa kutegemea tuzo.

Kuna jambo la kuogopa hapa. Kwenye makundi ya WhatsApp yanapita matangazo ya "kazi za kuandika mtandaoni" yanayokutaka utume Sh10,000 au Sh20,000 ya usajili au ya "mafunzo" kwanza. Mhariri wa kweli hakutozi ili akupe kazi. Pesa inatoka kwake kuja kwako. Ukiona inatakiwa kwenda upande wa pili, funga simu ukalale.

Mhariri anataka nini

Wengi wanakosea njia pale pale mwanzoni. Wanaandika makala nzima ya maneno 2,000, wanaituma kwa wahariri watano kwa mpigo, kisha wanakaa kusubiri. Mhariri wa makala anaifungua barua pepe yako akiwa kwenye daladala au katikati ya kikao, kwenye simu kama wewe. Hana muda wa kupakua kiambatisho. Anachohitaji ni pendekezo fupi: unataka kuandika nini, kwa nini sasa, kwa nini wewe, na utaileta lini.

Kabla hujaandika pendekezo hilo, soma gazeti lenyewe. Namaanisha soma matoleo manne au matano ya ukurasa unaoulenga. Angalia makala zina urefu gani, wanahoji watu wangapi, na ni mambo gani wamekwisha kuyaandika. Mtu anayependekeza makala ya "umuhimu wa maziwa ya mama" kwa ukurasa uliolichapisha jambo hilo wiki mbili zilizopita anajitangaza kwamba hasomi. Tafuta pia jina la anayehusika na ukurasa huo. Ukikosa jina, piga simu chumba cha habari uulize. Wanajibu.

Halafu kuna tofauti kati ya mada na habari. "Malezi ya watoto wa siku hizi" ni mada, na mhariri anayo mezani kwake tayari. Habari ni kitu ambacho yeye, akiwa ofisini, hakioni, na wewe unakiona kwa sababu unaishi nacho. Siku hizi hili lina uzito zaidi, kwani wahariri wanaletewa makala nyingi zilizoandikwa na programu za akili mnemba: laini, ndefu, na hazina hata mtu mmoja aliyehojiwa. Programu haijasimama kituoni na mtoto gizani.

Tuchukue mfano wa mzazi wa Kimara, Dar es Salaam. Pendekezo lake linaweza kuwa hivi:

*Ndugu Mhariri, habari za kazi.*

*Napendekeza makala ya maneno 900 kuhusu watoto wa darasa la kwanza na la pili wanaoamka saa 10 alfajiri kuwahi basi la shule. Wataalamu wanashauri mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale saa 9 hadi 12 kwa siku. Anayeamka saa 10 alfajiri, ili apate hizo 9 tu, inabidi awe amelala saa 1 usiku, wakati ambao wazazi wengi bado wako kwenye foleni.*

*Nimezungumza na wazazi wanne wa mtaa wetu na dereva mmoja wa basi la shule. Daktari wa watoto amekubali nimhoji wiki ijayo. Shule zinafunguliwa Januari, hivyo naweza kuileta makala ifikapo Desemba 10.*

*Nilifundisha darasa la pili kwa miaka sita. Viungo vya makala zangu mbili viko hapa chini. Naomba pia kujua malipo yenu kwa makala ya aina hii.*

*Wako katika kazi,*

Basi, yameisha. Hakuna wasifu wa kurasa tatu, hakuna "tangu utotoni nilipenda kuandika". Anasomwa kwa dakika moja na mhariri anajua ataletewa nini. Hiyo hesabu ya saa za kulala ndiyo inayomfanya aendelee kusoma, kwa sababu naye ana mtoto. Kichwa cha barua pepe kiwe wazi vilevile: "Pendekezo la makala: watoto wanaoamka saa 10 kuwahi basi". Ukiandika "Ombi" au "Salamu", barua yako inazikwa.

Angalia pia tarehe. Jarida la kila mwezi linapangwa miezi miwili au mitatu kabla. Gazeti la kila wiki linapanga wiki mbili tatu mbele. Makala ya kumwandaa mtoto kwa mtihani wa darasa la saba, unaofanyika Septemba, ipendekeze Julai. Wiki ya Unyonyeshaji Duniani huanza Agosti 1, na Siku ya Mtoto wa Afrika ni Juni 16. Wahariri wanazijua tarehe hizi na kila mwaka wanahangaika kutafuta cha kuandika. Mzazi mwenye kalenda ukutani anaweza kuwatangulia.

Usipojibiwa kwa wiki moja, kumbusha mara moja kwa mistari miwili. Zikipita wiki mbili, mpelekee mhariri mwingine. Lakini mmoja baada ya mwingine. Wahariri wawili wakiikubali habari moja siku moja, wote wawili wanaweza kukufungia mlango.

Kuhusu pesa, uliza mapema

Najua sisi tumelelewa kuona aibu kutaja pesa. Kwenye kazi hii aibu hiyo inawagharimu akina mama zaidi. Wakati wa kuuliza ni pale mhariri anaposema "ndiyo, andika", kabla hujashika kalamu. Uliza mambo manne: kiasi gani, kinalipwa lini, kwa njia gani, na je, usipochapishwa baada ya kuagizwa utalipwa chochote? Majibu yawe kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa WhatsApp. Huo ujumbe ndio mkataba wako siku mhasibu akisema hakujui.

Bei ya haki ni ipi? Fanya hesabu yako mwenyewe. Tuseme umeahidiwa Sh40,000. Umetumia Sh6,000 ya nauli kwenda kuhoji na Sh4,000 ya vocha. Kazi imechukua usiku nne, kila usiku saa mbili. Umebakiwa na Sh30,000 kwa saa nane za kazi. Je, hiyo inakutosha kwa usingizi ulioukosa? Kwa wengine inatosha, kwa wengine mafunzo ya jioni kwa watoto wa jirani yanalipa zaidi. Ni bora ujue kwa namba kuliko kubishana na mume kwa hisia.

Kampuni ikikulipa, usishtuke ukikuta 5% imekatwa. Hiyo ni kodi ya zuio kwa huduma, hivyo katika Sh40,000 utapokea Sh38,000. Waombe hati ya makato hayo uitunze. Watakuomba namba ya mlipakodi, TIN, ambayo TRA wanaitoa bila malipo. Ichukue mapema, maana wapo waliochelewa kulipwa miezi kwa sababu ya namba hiyo tu.

Tena, kazi uliyoiandika ni mali yako kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, mpaka ukubali kuiuza au kuihamishia kwa mwingine. Soma unachosaini. Kumruhusu mtu achapishe mara moja ni tofauti na kumpa haki zote milele.

Mtoto hakuombwa ruhusa

Hili ndilo nililotaka kulifikia, kwa sababu linawahusu wazazi kuliko waandishi wengine wote. Habari inayouzika haraka kuliko zote ni siri ya nyumbani kwako. Mtoto wa miaka tisa anayekojoa kitandani. Binti aliyeanza hedhi akiwa darasani. Ugomvi wa mama mkwe. Mhariri atavutiwa, wasomaji watasoma, na makala itakaa mtandaoni mpaka huyo mtoto afike kidato cha tatu na mwenzake wa dawati aikute kwenye simu.

Sisemi usiandike. Kukojoa kitandani kunawasumbua wazazi wengi wanaoona aibu kuuliza, na makala nzuri inaweza kumwokoa mtoto na fimbo. Iandike kwa kuhoji daktari na wazazi watatu wengine, usitaje majina yao, na usiseme kwamba mmoja wao ni wewe. Kwa mtaa wetu, kubadili jina pekee hakutoshi. Ukisema "mama mmoja mwalimu wa Morogoro mwenye watoto wawili", jirani ameshamjua. Badilisha umri, badilisha idadi ya watoto, acha jina la shule.

Mtoto aliyekua kiasi cha kuelewa, muulize. Mweleze utaandika nini na nani atasoma. Akisema hapana, ni hapana, hata kama makala ilikuwa na Sh60,000 ndani yake. Mzazi mwenzako naye asome kabla haijatumwa, kama anatajwa. Nadhani baba wa Morogoro angelalamika kidogo zaidi kuhusu umeme kama angekuwa msomaji wa kwanza badala ya kusikia habari za nyumba yake kutoka kwa wafanyakazi wenzake.

Mhariri akikuomba picha ya mtoto, na wengi wataomba, usitume ile ya sare yenye nembo ya shule. Mwambie utapiga viatu vya shule vilivyopangwa mlangoni alfajiri, au begi lililoegemezwa kwenye kiti. Mara nyingi anakubali.